Edale: tuliogopa mbwa wa shambani, jua likatuzamia saa kumi

Mimi ni Mchaga wa Marangu. Naanza na hilo kwa sababu ndo lililoniponza. Mtu ukikulia Marangu unafungua dirisha asubuhi unaikuta Kilimanjaro imekaa hapo kama jirani, afu siku moja mtu anakuja kukwambia huku Uingereza kuna mlima unaitwa Kinder Scout, una mita 636, uvae buti maalum na ubebe filimbi. Mita 636! Aisee migomba ya mama yangu iko juu kuliko hicho kilele chao. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Sasa kilichonikuta huko juu ndo naandika hapa, maana watu wetu wengi siku hizi wako huku, manesi, wanafunzi, wanaolea wazee, na wikiendi mtu unatafuta pa kwenda pasipokula hela, na vijiji vya huku kwa kweli ni vizuri na kutembea ni bure kabisa. Ila kuna namna yake.

Naishi Sheffield, nesi. Mwenzangu niliyeenda naye ni binti wa Mombasa, tuko wodi moja, mdogo wangu kwa miaka kama sita hivi ananiita dada. Huo ulikuwa mwaka wetu wa kwanza huku na tulikuwa tumechoka, yaani ile kuchoka ya kutoka kazini kulala kuamka kazini, mpaka mzee mmoja mgonjwa wetu akatuambia nyie watoto mtaharibikiwa, pandeni treni mwende Edale mkavute hewa. Tukaangalia, kumbe ni nusu saa na kidogo tu kutoka Sheffield. Treni inaingia handaki la Totley ambalo lina zaidi ya kilomita 5, giza tupu, ukiingia umeacha mji, ukitoka upande wa pili unakuta kondoo. Kwa hilo tu mimi nilikuwa tayari nimefurahi.

Tulichagua Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Hiyo tarehe ikumbukeni, ntairudia.

Tulivyovaa sasa. Mimi jinzi, raba nyeupe za pauni 55 nilizonunua na mshahara wangu wa kwanza, sweta, na lile koti zito la mjini ambalo likilowa linakuwa kama gunia la mahindi. Mwenzangu vile vile, ila yeye raba zake zilikuwa za pinki. Kwenye begi tulikuwa na chapati sita, mayai ya kuchemsha, chupa ya chai ya tangawizi, na yeye alitia leso yake, sie tunaita khanga, nikamuuliza ya nini akasema mwanamke hatoki nyumbani bila leso. Nikamcheka na hilo pia. Siku hiyo nilicheka mambo mengi.

Tumeshuka Edale saa tano kasoro. Kijiji kidogo, kanisa, shule, nyumba za mawe, kijito, baa mbili. Kwenye ile baa ya zamani ya juu inaitwa Old Nags Head ndipo inapoanzia njia ya Pennine, ilifunguliwa rasmi mwaka 1965, inaenda maili 268 mpaka Kirk Yetholm kule Scotland, kama kilomita 430 hivi. Sisi hatukuwa na mpango huo. Mpango wetu ulikuwa kuifuata ile njia kwenye mashamba mpaka kitongoji cha Upper Booth, tupande ngazi za mawe wanazoita Jacob's Ladder, tufike juu Kinder, tuzunguke ukingoni tushukie nyuma ya kijiji. Kwenye simu inaonekana duara zuri tu, kama kilomita 13. Nikasema hiyo ni kutoka nyumbani kwenda sokoni na kurudi.

Tukatoka na kale kanjia tukafika kwenye geti la mbao. Kibao kiko pale, Public Footpath, yaani njia ya miguu ya umma, kinaelekeza katikati ya shamba la mtu. Yaani siyo pembeni, katikati. Na kule mbele kuna mzungu yuko juu ya pikipiki ya magurudumu manne na mbwa wake, wanahamisha kondoo. Tukasimama. Jamani mimi nimelelewa nikijua shamba la mtu ni shamba la mtu, ukikatiza kihamba cha mwenzako bila salamu utaulizwa umetafuta nini humo na jioni baba yako ataambiwa. Na huku tena ugenini, weusi wawili, hatuna wa kututetea. Mwenzangu kwa uoga akapaza sauti "Hodi!" Hodi, Uingereza, kwa kondoo. Mbwa akabweka. Basi, tukageuka mbio tukacheka huku tunakimbia, tukarudi mpaka barabarani.

Hilo ndo kosa la kwanza na watu wengi wetu nimekuja kugundua wanalifanya. Tukaamua tufuate lami mpaka Upper Booth, kupitia Barber Booth, njia ndefu zaidi, barabara nyembamba haina pa kupita watu, kona kona, magari yanakuja kwa kasi unajibana kwenye ukuta wa mawe. Kwa kifupi tulikimbia sehemu salama tukaenda sehemu ya hatari. (Ukilazimika kutembea barabara za hivyo kaa kulia ili gari ulione usoni, zikija kona kali vuka upande ambao dereva atakuona mapema.) Tukapoteza karibu saa nzima, na ile saa ndo tuliyoililia baadaye.

Ngoja nieleze hii ya mashamba kabisa maana ndo ufunguo wa kutembea huku. Ile njia ya miguu ni haki ya kisheria. Shamba ni la mkulima, nyasi zake, kondoo wake, lakini ule mstari wa njia ni wa umma na hawezi kukufukuza kama uko juu yake, hata kama inapita uani kwake karibu na mlango wa jiko, na zipo zinazopita hivyo, Upper Booth penyewe unapita uani kwa watu. Mshale wa njano ni wa watembea kwa miguu tu, wa bluu mnapita pamoja na farasi na baiskeli. Kwenye ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, wachora ramani wa taifa huku, ile ya kipimo cha 1:25,000, hizo njia ni vidoti vya kijani, vifupi vya miguu, virefu vya farasi. Vidoti vyeusi ni njia inayoonekana tu ardhini, haimaanishi una haki ya kupita, hapo tulikuja kuchanganya siku nyingine. Afu huko juu milimani ramani imepakwa njano njano, maana yake ni ardhi huria, sheria ya mwaka 2000 inakuruhusu utembee kwa miguu popote humo hata nje ya njia. Kwenye mashamba ya bondeni hapana, hapo unakaa kwenye mstari.

Na hiyo haki haikuja bure. Nilikuja kusoma baadaye kwamba hicho hicho Kinder nilichokicheka, miaka ya thelathini kilikuwa kimefungwa, matajiri wanakitunza kwa ajili ya kuwinda ndege, na vibarua wa viwandani Manchester na Sheffield wanakiona kwa mbali tu. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana wakatokea Hayfield, upande wa pili wa mlima, wakaongozwa na kijana wa miaka 20 anaitwa Benny Rothman, wakapanda makusudi wakagombana na walinzi huko juu. Watano wakafungwa jela. Miaka 19 baadaye eneo hilo hilo, Peak District, likawa hifadhi ya taifa ya kwanza Uingereza, mwaka 1951. Nilivyosoma hivyo niliona aibu kidogo. Mtu kakaa jela ili mimi nipite geti, mimi nimekimbia mbwa.

Turudi. Upper Booth tulipita tumejikunyata nyuma ya kundi la wazee wenye fimbo mbili mbili. Halafu kuna kidaraja cha mawe cha zamani chini ya ngazi, hapo tukakaa tukala chapati, ilikuwa saa saba imepita, jua linawaka, nzuri mno sisemi uongo. Maji yanatiririka, kondoo wanatuangalia, mwenzangu akasema dada hapa ni peponi. Kila anayepita anasalimia. Hii ilinishangaza, Sheffield mjini mtu mnakaa naye kiti kimoja kwenye basi hakutazami, lakini ukishavaa begi mgongoni ukawa mlimani kila mtu ni "morning, morning". Kidogo niwape wazee shikamoo.

Ngazi zilitutoa jasho. Hapa mniruhusu niongee kama nesi. Sweta na fulana za pamba zikilowa jasho hazikauki, zinakaa mwilini baridi kama kitambaa cha kumshushia mtoto homa. Chini huko hausikii. Juu kuna upepo. Mwenzangu alilowa mgongo mzima na hakuna kati yetu aliyefikiria kitu.

Saa nane na nusu tuko kwenye nguzo ya wapima ramani ya Kinder Low, mita 633. Tukapiga picha, mimi nikarekodi na video namtumia kaka yangu, nikasema "mlima wao huu hapa, nimeupanda na raba". Ile video ninayo mpaka leo na ukiiangalia vizuri, nyuma ya kichwa changu unauona ukungu unakuja.

Ulikuja kama mtu kashusha pazia. Dakika kumi, siyo zaidi. Mara ya kwanza tukaona raha, mara ya pili tukaona hatuoni. Juu ya Kinder siyo kilele cha kuchongoka, watu hawaelewi hilo, ni tambarare kubwa ya tope jeusi, peati, imekatwa katwa na mifereji mirefu kukuzidi kimo, ukiingia mfereji mmoja huoni mwingine, na yote inafanana. Njia nzuri iko ukingoni, inapita kwenye mawe makubwa yenye maumbo ya ajabu wanaita Wool Packs, ndani ya ukungu moja kama tembo kalala, moja kama bibi kakaa anapepeta mchele. Sisi tukafuata kitu tulichodhani ni njia. Haikuwa njia. Nikatoa simu, ile ramani ya kila siku tunayotumia mjini, ikaleta vimiraba vya kijivu na kidoti cha bluu katikati. Haina netiweki haina ramani. Betri asilimia 19, kwa sababu ya mavideo.

Tope lile ni kama machicha ya kahawa yaliyolowa. Nikakanyaga pahali nikaona pagumu, mguu wa kulia ukazama mpaka gotini, nikavuta, nikavuta, ukatoka mguu, raba ikabaki. Nikalala kifudifudi nikaingiza mkono mpaka begani nikaipapasa huko ndani ya baridi, nikaipata, nikaivaa na tope lake. Nyeupe ndo ikaishia pale.

Na muda wote huo mwenzangu analalamika, dada hino njia siyo, dada miguu yaniuma, dada hata netiweki hamna, na mimi namkatalia. Afu nikasikia kimya. Nikatembea kidogo nikiwa nashukuru, kisha ikanipiga kichwani: mtu wa Mombasa akinyamaza kuna tatizo. Nikageuka. Alikuwa amesimama anajaribu kufunga zipu ya koti, vidole haviishiki, anaikosa, anaikosa tena, na hata hakasiriki. Nikamuuliza leo ni siku gani akanijibu polepole kama mlevi. Hizo dalili nazifahamu, joto la mwili linashuka. Wodini nina blanketi, nina heta, nina daktari. Hapa nina chapati mbili.

Tukakaa nyuma ya jiwe tukapate kivuli cha upepo. Nikamvua lile sweta na fulana vilivyolowa, nikamfunga ile leso yake kavu kifuani raundi mbili, nikamrudishia koti juu, nikampa skafu yangu kichwani, chai yote iliyobaki na sukari yake akainywa, nikamlazimisha chapati. Leso niliyoicheka asubuhi. Ikachukua kama robo saa akaanza kutetemeka sana na kulalamika tena, na sijawahi kufurahia malalamiko ya mtu kama siku ile.

Hapa nikiri jambo. Nilifikiria kupiga 999, namba ya dharura ya huku, na sikupiga. Kwanza niliona simu haina netiweki nikadhani haitatoka. Pili, na hii ndo kweli yenyewe, niliogopa. Nilijua ukipiga unaomba polisi, na mimi kichwani nikasema polisi, viza, kazi, bili ya helikopta, nitalipa na nini. Mawazo ya kijinga lakini ukiwa mgeni ndo yanayokuja. Sasa sikilizeni: waokoaji wa milimani huku ni watu wa kujitolea na hawatozi hata senti, Edale wenyewe wana timu yao. Unapiga 999 au 112, unaomba polisi, afu unawaambia mountain rescue, hivyo hivyo kwa Kiingereza chake. Na simu ikionyesha kampuni yako haina mnara piga tu, ya dharura inaweza kushika mnara wa kampuni nyingine. Tena kuna kujiandikisha kutuma meseji 999, unatuma neno register kwenda namba hiyo ukiwa nyumbani, wanakujibu, siku ukiwa mahali ambapo sauti haipiti meseji inaweza kupita. Kama huna simu kabisa ni filimbi, mara sita ndani ya dakika moja, unapumzika dakika, unarudia. Tochi vile vile, unawasha mara sita. Ningekuwa na mgonjwa wodini katika hali ile nisingesita sekunde moja kuita msaada, sijui kwa nini mlimani nilijiona lazima nijikaze.

Kilichotutoa ni dira ya simu, ile haihitaji netiweki. Nikajiambia bonde la Edale liko kusini, ukingo wenye njia uko kusini, basi twende kusini polepole, tukifika ukingoni tusishuke, tutafute njia. Tukaenda tumeshikana mikono kama watoto wa chekechea. Tukayapata mawe, tukaipata njia imekanyagwa na watu, nikalia kidogo.

Na hapo ndo giza likaingia.

Nirudi sasa kwenye ile tarehe. Jumamosi yake jua lilikuwa limezama saa kumi na mbili kasoro, kama Moshi tu, nikaona poa. Nikapiga hesabu, saa kumi na moja na nusu tutakuwa chini bado kuna mwanga. Kilichonipita ni kwamba usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma saa moja. Simu inajibadilisha yenyewe, wewe hujui hujaambiwa. Kwa hiyo Jumapili ile jua limezama saa kumi na dakika arobaini. Saa kumi! Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta, jua kwetu ni kama mwajiriwa wa serikali, linaingia saa kumi na mbili linatoka saa kumi na mbili, mtu huna mazoea ya kuangalia. Huku angalia. Kila safari, hata kama ulienda wiki iliyopita. Desemba ni mapema zaidi, kabla ya saa kumi jioni linakwenda.

Tochi yetu ni simu yenye asilimia 8. Tukawa tunataka kushuka kwenye korongo la Grindsbrook maana ndo ilikuwa kwenye mpango, tunasikia maji huko chini. Tukaona taa inakuja. Mama mmoja mtu mzima, nakisia miaka sabini, peke yake na mbwa wake, kavaa tochi kichwani, anatembea kama anaenda dukani. Akatumulika miguuni kwanza. Akauliza "You all right, duck?" Watu wa Derbyshire wanaita watu bata, ni neno la upendo, wagonjwa wangu wananiita hivyo kila siku, wiki ya kwanza nilinuna. Jioni ile ningemruhusu aniite hata punda.

Hakutusema. Alitoa tochi ya akiba kwenye begi, akampa mwenzangu glavu zake, akasema siyo korongoni, juu huko ni mawe matupu mtavunja miguu gizani, tunashukia Grindslow Knoll, ni mteremko mkali lakini njia inaonekana. Tukamfuata. Ananiuliza maswali ya kawaida tu, mnatoka wapi, nikamwambia kwetu ni chini ya Kilimanjaro, akanyamaza hatua kadhaa akasema, "Na mmepandia raba?" Nikasema ndiyo mama. Akacheka peke yake mpaka getini.

Treni ilikuwa imeondoka muda si mrefu na Jumapili hazifuatani. Tukaingia baa iliyo karibu na stesheni, nikavua raba mlangoni nikaingia na soksi, hakuna aliyegeuza shingo, kumbe ndo desturi yao. Supu mbili za moto. Yule mama alikataa hata chai.

Hasara nilizihesabu. Raba pauni 55 zimekwenda. Jinzi imebaki na rangi ya peati magotini mpaka leo. Kucha moja ya dole gumba. Mwenzangu aliumwa siku tatu akakosa zamu mbili za nyongeza ambazo ndo zilikuwa za kumtumia mama yake, na hilo liliniuma kuliko kucha, maana mimi ndo dada mkubwa na mimi ndo niliyesema mita 636 siyo kitu.

Hatukurudi miezi mingi. Ila wakati huo nilianza kukusanya vitu taratibu, na msiingie madukani ya wapanda milima kwanza mtatoka mnalia, mitumba ipo hata Uingereza, yale maduka ya hisani, nilipata buti za ngozi pauni 18 zimevaliwa kidogo, koti la mvua pauni 10. Mapya nilinunua ramani, shiti OL1 ndo yenye Edale na Castleton na Kinder yote, tochi ya kichwani, na soksi za sufu, soksi msibanie. Filimbi niligundua nilikuwa nayo, imo kwenye kibano cha mkanda wa begi, kaangalieni na yenu. Nguo ya ndani iwe ya sufu au ile ya michezo inayokauka haraka, pamba iacheni nyumbani, isipokuwa leso. Na kuna kanuni ya zamani nilifundishwa ya kukadiria muda, kilomita tano ni saa moja, afu kila mita 600 za kupanda unaongeza saa nyingine. Hiyo ni bila chapati na bila selfi. Sisi tunaongeza theluthi.

Na kama ni mara ya kwanza usianze na Kinder. Anza upande wa pili wa bonde, panda Hollins Cross, ni mwendo wa saa moja hivi kutoka stesheni, njia iko wazi. Hapo zamani kabla Edale haijapata kanisa lake majeneza yalikuwa yanabebwa kupitia hapo kwenda kuzikwa kijiji cha Hope, na baadaye wanawake wa Castleton, kijiji cha ng'ambo ya pili, wakawa wanavuka kila siku kuja kiwanda cha pamba Edale na kurudi jioni. Ukifika mgongoni unageuka kulia unafuata njia iliyotandikwa mawe mpaka Mam Tor, mita 517, jina maana yake mlima mama. Mama huyo anamomonyoka, upande mmoja kaimeza barabara kuu mpaka wakaifunga moja kwa moja mwaka 1979, vipande vya lami unaviona vimekunjamana kama mkeka.

Tulirudi Mei. Mambo mawili ya Mei haraka. Ng'ombe wenye ndama: usipite kati ya mama na mtoto, zunguka mbali hata ukitoka nje kidogo ya njia, na kama una mbwa na ng'ombe wakakufuata muachie mbwa akimbie, wanamtaka yeye. Na kupe. Wapo kwenye majani marefu, ukifika nyumbani jikague nyuma ya magoti na kiunoni, ukimkuta mvute taratibu na kibanio karibu na ngozi bila kumminya, na ukiona duara jekundu linapanuka siku au wiki za baadaye nenda kwa daktari umwambie ulikuwa wapi.

Siku hiyo tulianza na lile lile geti. Lazima. Tumevaa buti, ramani mkononi, jua lenyewe linazama karibu saa tatu usiku. Na yule mzungu yuko pale pale, hatua tano tu kutoka getini anarekebisha ukuta, mbwa kalala. Mwenzangu kashika komeo la geti, kasita, na kabla sijamzuia, "Hodi!"

Mkulima akainua kichwa akasema morning. Akatuomba tufunge geti vizuri kwa sababu kuna wana-kondoo. Nikafunga, nikalitikisa aone limefunga. Akaangalia buti zetu, akaangalia upande wa Kinder, akasema mvua itakuja saa nane.

Saa saba tukageuza. Ilinyesha saa nane na dakika kumi, tuko stesheni tunakula chapati.